Chombo Kidogo Kilichozunguka Dunia

Kaeni vizuri, na wewe uliye nyuma sogea karibu na redio. Leo tunaacha habari za wafalme na vita. Tutazungumza juu ya chombo kimoja cha tanga, jinsi kilivyoundwa na jinsi kilivyokwenda.

Jina lake ni Suhaili. Ninyi mkaao pwani mtasema, "Jina hili twalijua." Ndiyo. Wazee wenu huita kusini suheli, na ile nyota ing'aayo sana upande huo pia ni suheli. Mabaharia wa Ghuba waliuita upepo wa kusini-mashariki kwa jina hilo, na huko ndiko chombo kilikolitoa.

Suhaili iliundwa Bombay, mji wa India uitwao sasa Mumbai, ikashushwa majini Desemba 1964. Mwenyewe alikuwa Mwingereza, Robin Knox-Johnston, ofisa wa meli za biashara. Mafundi walitumia tezo na keekee, kama mafundi wetu wa majahazi, na mbao zilikuwa za msaji. Lakini mchoro ulitoka mbali. Uliandikwa na Mmarekani, William Atkin, katika miaka ya 1920, naye alifuata mfano wa Colin Archer wa Norwe, aliyebuni vyombo vya kuwaokoa wavuvi wakati wa dhoruba. Hebu likumbuke jambo hili. Babu yake Suhaili hakuundwa ili ashinde mbio. Aliundwa ili atoke bandarini siku ambayo wengine wanakimbilia ndani.

Sasa chukua kibao uchore. Urefu ni futi 32, kama hatua 13 za mtu mzima. Upana ni futi 11. Chora omo iliyochongoka, kisha chora tezi iliyochongoka vilevile, kama dau. Wimbi likija kutoka nyuma hupasuliwa na tezi ya namna hii, wala halipati ubapa mpana wa kuupiga. Chini chora mkuku mrefu. Jahazi hutia farumi ya mawe au mchanga ndani ya ngama, lakini farumi ya Suhaili ni chuma kizito kilichofungwa chini kabisa, nje ya mbao. Kwa hiyo upepo ukikilaza chombo, uzito ule hukivuta kiinuke. Mwisho weka milingoti miwili, mkubwa mbele, na wa galmi nyuma.

Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la London lilitangaza mashindano. Mtu azunguke dunia kwa tanga, peke yake, asitie nanga bandari yoyote, asisaidiwe na mtu. Walitoka watu 9. Knox-Johnston aliondoka Falmouth, Uingereza, tarehe 14 Juni.

Taabu hazikukawia. Alipokuwa karibu na visiwa vya Cape Verde, chombo kilivuja mno. Kalafati ilikuwa imelegea chini, karibu na mkuku. Ungefanya nini wewe, uko peke yako, na nchi kavu haionekani? Yeye alivaa nguo za rangi nyeusi-nyeusi ili papa wasiuone weupe wa mwili wake, akapiga mbizi na nyundo. Alipanda kupumua, akashuka tena, mara nyingi, akaziba ufa kwa turubai na misumari midogo ya shaba. Papa mmoja alikuja kweli. Alimpiga risasi, akarudi majini kumaliza kazi.

Kusini mwa Afrika wimbi kubwa lilikilaza chombo ubavu. Kiliinuka, kwa sababu ya farumi ile, lakini paa la chumba lilitikisika likaacha nyufa, na maji ya kunywa katika matangi yakaharibika. Tangu hapo alitegemea zaidi maji ya mvua. Kitanda kililowa, nguo zililowa, na redio yake ya kupelekea habari ikafa. Watu wengi wakiulizwa raha ya chombo hutaja godoro na jiko. Mimi nasema Suhaili haikuwa na raha ya namna hiyo. Raha yake ilikuwa kwamba nahodha aliweza kulala.

Aliwezaje? Alikuwa na mtambo wa kushika usukani, nao ukavunjika alipofika upande wa Australia. Ikabaki akili. Tanga la mbele husukuma omo iende upande wa chini ya upepo. Tanga la galmi husukuma tezi iende upande huohuo. Ukipunguza hili na kuongeza lile mpaka nguvu zilingane, huku kana ya usukani imefungwa kwa kamba, chombo chenye mkuku mrefu hushika njia yake chenyewe. Ndivyo alivyovuka bahari ya Pasifiki na kuizunguka Rasi ya Horn.

Alirudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312. Safari ilikuwa yapata maili 30,000 za baharini. Tufanye hesabu. Gawanya 30,000 kwa 312, utapata 96 kwa siku. Gawanya 96 kwa saa 24, utapata 4. Maili 4 kwa saa! Mtu akimbiaye polepole angekwenda sawa naye.

Na wale wengine? Wengi waliacha mapema. Mfaransa Moitessier alikuwa na chombo cha chuma, imara na chenye mwendo kuliko Suhaili, lakini aliamua kutorudi Ulaya, akaendelea mpaka Tahiti. Nigel Tetley alikuwa na chombo chepesi cha mbao chenye viwiliwili vitatu. Alikikaza sana, akidhani kuna mwenziwe anayemfuata kwa kasi, kikavunjika na kuzama Mei 1969 akiwa amekaribia nyumbani. Yeye aliokolewa. Mwenziwe huyo, Donald Crowhurst, alikuwa akituma habari za uongo za mwendo wake. Julai chombo chake kilikutwa kitupu baharini.

Kati ya 9, aliyefika ni mmoja. Zawadi ya fedha, pauni 5,000, Knox-Johnston aliwapa mke na watoto wa Crowhurst.

Kazi ya juma hili: mwendee mvuvi au nahodha, wa baharini au wa ziwani. Mwulize, usukani ukiachwa, chombo chake hugeukia wapi, na kwa nini? Andika jibu lake kwa sentensi tatu, ulilete darasani. Kwaherini.