Picha za ndani ya kanisa: Mambo 5 ya kuangalia kabla hujazipokea

Harusi imeisha, mpiga picha ametuma kazi. Za nje kila mtu katoka vizuri. Za ndani ya kanisa, gauni lina umanjano, nyuso zina giza na madirisha yamegeuka meupe tupu. Mpiga picha kakosea, au kanisa ndivyo lilivyo?

Kwa nini kanisani ni pagumu

Ndani ya kanisa kuna mianga kadhaa kwa wakati mmoja: jua la dirishani, taa za dari, mishumaa, pengine na flashi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa ni kama 1,900, balbu ya zamani 2,700, jua la mchana karibu 5,500, na siku ya mawingu hufika 6,500 au zaidi. Namba ndogo ni manjano. Namba ikipanda, mwanga unaelekea bluu.

Ukiwa umekaa kwenye benchi, ubongo wako unasawazisha tofauti hiyo wenyewe, ndiyo maana shela uliliona jeupe. Kamera kwa kawaida hutumia kipimo kimoja kwa picha nzima. Kwa hiyo ukiletewa picha, pima haya:

1. Tafuta kitu cheupe

Tazama kitambaa cha altare, kanzu ya padri au gauni. Vyote vikiwa vya manjano, kipimo cha rangi hakikurekebishwa, na mara nyingi kazi hiyo hufanyika kirahisi baadaye. Ila upande mmoja ukiwa bluu na mwingine manjano, hapo mianga miwili imegongana. Ukirekebisha mmoja, wa pili unaharibika. Kubali umanjano kidogo huko nyuma, mradi watu wawe na rangi yao.

2. Nenda kwenye nyuso

Hapa usilegeze. Watu wakisimama mbele ya dirisha, kamera huona mwanga mwingi na kuipunguzia picha nzima, kisha nyuso nyeusi zinamezwa. Kosa la pili ni kuzipandisha mwanga mpaka bibi harusi anakuwa mweupe kuliko alivyo.

Tatizo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Mwaka 2021 Google ilitangaza Real Tone kwenye simu za Pixel 6, ili ngozi nyeusi zitoke zilivyo. Kipimo chako ni rahisi: weka picha ya nje ya mtu yuleyule pembeni, ulinganishe.

3. Madirisha na suti

Vuta picha karibu. Shela linaonyesha nakshi zake? Suti nyeusi ina mikunjo? Kama ndiyo, mwanga umepimwa vizuri. Dirisha dogo likiungua si kesi. Gauni likiungua likawa jeupe tupu, nakshi hazirudi hata kwa programu.

4. Madoa na mistari

Doa jekundu au la bluu shavuni huenda limetoka kwenye vioo vya rangi vya dirishani. Hilo ni la kweli na linaweza kupendeza. Mistari ya giza inayokatiza picha ni jambo lingine. Umeme wa Tanzania na Kenya ni hezi 50, na baadhi ya taa za LED humeta mara 100 kwa sekunde. Kamera ikipiga kwa kasi kubwa, inanasa kumeta huko. Kasi ya 1/100 au 1/50 ya sekunde kwa kawaida huondoa mistari.

5. Skrini yako

Zima ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano, na weka mwanga wa simu katikati. Omba picha zitumwe WhatsApp kama faili, kwa sababu zikija kama picha za kawaida hupunguzwa ubora.

Usikimbilie kusema ni filta

Kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris liliungua tarehe 15 Aprili 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024. Ukilinganisha picha za ndani za zamani na za sasa, utadhani mpya zimepitishwa kwenye filta. Ukweli ni kwamba kuta zilisafishwa masizi na vumbi la miaka mingi, na taa zikabadilishwa. Jiwe lake kiasili lina rangi ya krimu.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu rangi ya ukuta, nenda kanisani saa ileile picha zilipopigwa ukaangalie.

Ukikuta kasoro, mpigie mpiga picha mapema na umuulize kama bado ana faili za RAW. Humo rangi na vivuli hurekebishika zaidi kuliko kwenye JPEG. Akishazifuta, nafasi ya kuokoa picha inapungua sana.