Madoa ya Mahindi

Aliyekulia shambani amewahi kumenya hindi akakuta punje zenye madoa ya zambarau. Sisi tulizichoma tukazila, basi. Barbara McClintock, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902, hakuzila. Huko Cold Spring Harbor, jimbo la New York, katika miaka ya 1940, alitaka kujua mbona doa hili ni kubwa na lile dogo.

Akagundua kwamba jeni ya rangi imo katika punje nzima, ila kitu fulani, alichokiita Ds, kimejipachika hapo kikainyamazisha. Punje inapokua, Ds huweza kung'oka katika seli moja. Jeni ikaamka, na seli zote zinazozaliwa na ile zikawa na rangi. Kikitoka mapema, doa huwa kubwa. Kikichelewa, huwa nukta tu. Tena Ds hakitoki chenyewe. Hungoja mwenzake, Ac, ambaye aweza kuwa katika kromosomu nyingine kabisa.

Mwaka 1951 aliyaeleza hayo mbele ya wanasayansi wenzake, wakampokea kwa ukimya na mashaka. Husimuliwa kwamba walikataa kuamini jeni zinahama. Naona masimulizi hayo yanarahisisha mno, maana haikuchukua muda watafiti wengine wa mahindi nao wakauona uhamaji huo. Lililowakwama kooni ni dai lake la pili: kwamba vitu hivyo ni vidhibiti, vinavyoamua jeni ifanye kazi lini na wapi. Hata Tuzo ya Nobel, aliyoipata mwaka 1983 akiwa na miaka 81, ilitaja uhamaji tu.

Si kwamba alipatia yote. Aliamini vidhibiti hivyo huongoza ukuaji wa viumbe kwa jumla, na hilo halikuthibitika. Lakini mwaka 2011, miaka 19 baada ya kifo chake, watafiti walionyesha jambo ambalo angelifurahia. Teosinte, nyasi ya Mexico iliyozaa mahindi, ina matawi mengi. Hindi lina bua moja. Sababu mojawapo kubwa ni kipande kinachohama, kiitwacho Hopscotch, kilichotua mbali kidogo na jeni ya tb1 kikaiongezea nguvu, nayo ikazuia matawi. Kilitua hapo, wanakadiria, maelfu ya miaka kabla ya jembe la kwanza; wakulima wa kale walikikuta tayari, wakachagua mbegu zake.