Kitambaa cha Kufungia Mguu: Habari Zake Tangu Zamani

Katika vijiji vyetu wapo watu wenye miguu iliyovimba. Wengine mishipa yao imetuna na kujipinda chini ya ngozi kama mizizi. Wengine wana donda ndugu karibu na kifundo cha mguu, lisilopona miaka na miaka. Mara nyingi majirani husema: «Huyu amekanyaga dawa ya adui yake.» Basi mgonjwa huona haya, hujificha nyumbani, haendi tena sokoni wala kanisani. Yafaa tujue kwamba maradhi haya ni ya watu wa nchi zote, wafalme na maskini, na kwamba msaada wake wa kale ni kitu kidogo tu: kitambaa.

Waganga wa Kiyunani, wafuasi wa Hippocrates aliyezaliwa karibu mwaka 460 K.K., waliandika kwamba mwenye kidonda cha mguu asikae amesimama. Miaka mingi baadaye Mfaransa Guy de Chauliac, mganga wa Mapapa waliokaa Avignon, alimaliza kitabu kikubwa cha upasuaji mwaka 1363. Yeye naye alijua kufunga mguu wenye mishipa iliyotuna. Waliona kwa macho kwamba kufunga kwasaidia. Lakini kwa nini? Hawakujua.

Sababu ilitafutwa Padova, mji wa Italia. Mwalimu Fabricius alitoa kitabu mwaka 1603 kuonyesha kwamba ndani ya mishipa mna vilango vidogo. Kazi ya vilango hivyo hakuielewa vema. Aliyeieleza ni Mwingereza William Harvey, aliyesoma kwake. Mwaka 1628 Harvey alifundisha kwamba damu yazunguka mwilini, na vilango hivyo vyairuhusu kwenda upande wa moyo tu, isirudi nyuma.

Sasa tufahamu. Damu iliyoshuka mguuni yapaswa kupanda tena. Tukitembea, nyama za shavu la mguu hubana mishipa na kuisukuma damu juu. Vilango huizuia isishuke. Vilango vikiharibika, damu hutuama chini, maji yake hupenya nyamani, mguu huvimba, ngozi hudhoofika, na mwisho kidonda hutokea. Kitambaa kikibana vema, mishipa hupungua upana na damu hupanda tena.

Mwaka 1676 Richard Wiseman, mpasuaji wa mfalme Charles II wa Uingereza, aliandika habari za soksi ya ngozi yenye kamba kama za kiatu. Uvimbe ukipungua, kamba zilikazwa tena. Katika karne ya 19 zikaja soksi zenye nyuzi za mpira. Huko Hamburg, daktari Paul Gerson Unna alifunga miguu kwa bandeji iliyopakwa dawa ya zinki. Mgonjwa aliweza kutembea na bandeji yake, asilazwe kitandani.

Ilibaki kujua kipimo cha kubana. Conrad Jobst, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyekaa Toledo katika Marekani, alikuwa na vidonda vya miguu yeye mwenyewe. Alipokuwa amesimama ndani ya bwawa la kuogelea, maumivu yalipungua. Akafikiri: maji ya chini hubana zaidi kuliko maji ya juu. Basi karibu na mwaka 1950 akatengeneza soksi zinazobana sana kwenye kifundo na kulegea kidogo kidogo kuelekea goti. Kanuni hiyo hufuatwa hata leo.

Katika nchi za milima zenye udongo mwekundu wa volkano, kama Ethiopia na Rwanda, wakulima wanaotembea pekupeku huvimba miguu kwa sababu ya udongo wenyewe. Ernest Price alilieleza jambo hili Ethiopia katika miaka ya 1970. Uchunguzi uliotolewa huko mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa walioosha miguu, wakapaka mafuta, wakafunga bandeji na kuvaa viatu, walipata vipindi vichache zaidi vya maumivu makali.

Lakini tuangalie! Mguu usiopata damu ya kutosha, wenye vidole baridi, ukikazwa waweza kuoza. Mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, au miguu yote miwili ikivimba pamoja na kuhema, mgonjwa aende hospitali upesi. Muuguzi apime kwanza, kisha afunge kuanzia wayo, pamoja na kisigino, akipanda. Vidole vikifa ganzi au vikibadili rangi, kitambaa kifunguliwe mara moja.

Basi tukimwona jirani aliyevimba miguu, tusitafute mchawi. Tumpeleke kwa muuguzi, tumsaidie kuosha na kufunga mguu wake kila siku, naye atarudi kati yetu.