Wimbi la joto, jua la utosi na fukuto la bondeni

Kila ifikapo Juni, redio na magazeti yetu huleta habari za wimbi la joto: Hispania linaunguza, Iraki watu wanalala juu ya mapaa, pwani za Ghuba hakuna anayetoka ndani hadi jua lizame. Habari hizo huongeza kwamba ni joto la kiangazi. Msikilizaji wa Mkula, pale barabara ya kwenda Ifakara inapopita chini ya milima ya Udzungwa, naye yuko kiangazini wakati huo. Ila kiangazi chake cha Juni na Julai ndicho chenye asubuhi za baridi kuliko miezi mingine yote, na joto lake linamngoja kuanzia Oktoba. Akiambiwa utabiri wa "wimbi la joto la kiangazi kwa maeneo ya pwani na jangwa", anaelewa kila neno na bado hajui ameambiwa nini kuhusu bonde lake la Kilombero.

Istilahi yenyewe imetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na sioni ubaya wake. Kiswahili kilikwisha kulitoa wimbi baharini zamani. Tunasema wimbi la ujambazi na wimbi la wakimbizi, na mwaka 2021 hata wasiojua bahari walikuwa wakihesabu mawimbi ya UVIKO-19. Kote huko wimbi ni kitu kinachoinuka juu ya kawaida, kinafika kilele, kisha kinashuka. Wapo wanaolalamika kwamba mwanafunzi wa fizikia atalichanganya na mawimbi ya mwanga na sauti, au kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikitoa angalizo la "upepo mkali na mawimbi makubwa" inasema na wavuvi. Malalamiko hayo hayanishtui, muktadha hutenganisha. Kinachonikera ni wimbi kutumika kwa joto lolote linalotoa jasho.

Kwa wataalamu, wimbi la joto halianzi kwenye namba moja ya dunia nzima. Kipimo kimoja kilichotumika sana huhesabu siku zaidi ya tano mfululizo ambazo joto la juu la mchana limezidi wastani wa mahali hapo kwa nyuzi 5 za Selsiasi. Uholanzi hutangaza wimbi pale kituo cha De Bilt kinapoandika angalau siku tano mfululizo za nyuzi 25 au zaidi, tatu kati ya hizo zikifika 30. Nyuzi 25 Ifakara ni asubuhi ya kawaida, bado watu hawajamaliza chai. India huanza kufikiria wimbi kwenye nyuzi 40 kwa nchi tambarare, 37 kwa pwani na 30 kwa milimani, na hata hapo hutaka joto liwe limezidi wastani kwa nyuzi 4.5. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo siku hizi husisitiza ziada inayolimbikizana kwa siku na usiku kadhaa visivyo vya kawaida kwa eneo lenyewe. Kwa hiyo wimbi ni ziada juu ya mazoea ya mahali, na ziada hiyo lazima idumu. Siku moja ya nyuzi 37 katikati ya wiki ya nyuzi 31 si wimbi. Miezi mitatu ya nyuzi 34, kama ndivyo ilivyo kila mwaka, nayo si wimbi, ni majira.

Majira hayo TMA imeyapa jina zuri ambalo lingestahili kusikika zaidi: jua la utosi. Jua likielekea kusini, kwenye Tropiki ya Kaprikoni, na baadaye likirudi kaskazini, hupita mara mbili juu ya vichwa vyetu. Taarifa za TMA hutaja mwishoni mwa Novemba na Februari kuwa vilele vya hali hiyo kwa nchi yetu. Ukilipigia hesabu bonde la Kilombero peke yake, lililo karibu na latitudo ya nyuzi 8 kusini, jua la saa sita linasimama wima katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Huo si msiba wala tukio; ni kalenda. Mkulima anaijua bila kuambiwa. Wimbi la kweli likija bondeni litakuja juu ya kalenda hiyo, kwa mfano pale mvua za vuli zinapochelewa, mawingu yanapopotea na udongo unapokauka, kwa kuwa jua likikosa maji ya kukausha hubaki na kazi moja tu, kupasha hewa.

Sasa tofauti ya pwani na jangwa, ambayo utabiri wa aina hii huipita haraka mno. Jangwani hewa kavu huachilia joto la ardhi lipande angani usiku, kwa hiyo mchana wa kuchoma hufuatwa na usiku wenye nafuu. Pwani bahari huzuia mchana usipande sana, lakini mvuke wake hulifunika joto usiku lisitoke. Waswahili wa Maskati wanazijua hali zote mbili, na wana mfano usiosahaulika: Juni 2018, mji wa Quriyat ulioko pwani ya Omani ulipita saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Namba hiyo ilikuwa ya kiwango cha chini, si cha juu.

Kilombero haina bahari, lakini kwa hewa yake naiweka upande wa pwani. Ifakara iko chini, mita zisizofika 300 kutoka usawa wa bahari, imebanwa kati ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, katikati kuna mto, majaruba, miwa na ardhi oevu iliyoorodheshwa na Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Mvuke wa pwani upo. Upepo wa bahari wa alasiri haupo. Joto la namna hiyo Kiswahili kina neno lake, fukuto, na wenyeji hulitumia bila kuona kwamba wanasema jambo la kisayansi. Jasho hupoza mwili kwa kukauka. Unyevuanga ukiwa mwingi halikauki, linatiririka tu. Wapimaji hulitambua fukuto kwa kufunga kitambaa chenye maji kwenye ncha ya kipimajoto na kusoma kinavyoshuka. Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber walieleza kwamba kipimajoto hicho kilicholowa kikisoma nyuzi 35 kwa saa kadhaa, mwili wa binadamu, hata wenye afya na uliopumzika, hauna tena njia ya kutoa joto lake. Kazi ya kukata miwa huwa hatari mapema zaidi ya hapo.

Ningependa basi fukuto lipandishwe cheo, liwe istilahi ya joto linalopimwa pamoja na unyevuanga, na wimbi la joto libaki kwa ziada inayodumu siku kadhaa. Mtabiri angeweza kusema "wimbi la fukuto" na Mkula nzima ikaelewa.

Na usiku uhesabiwe. Wafaransa wamefanya hivyo: canicule yao, neno litokanalo na nyota ya mbwa ya Walatini, hutangazwa kwa namba mbili, ya mchana na ya usiku, kwa wastani wa siku tatu. Paris ni 31 na 21. Bondeni usiku una deni kubwa zaidi. Mpunga unaopatwa na zaidi ya nyuzi 35 wakati wa kuchanua hushindwa kutunga mbegu na kutoa mapepe, hilo linajulikana. Lakini utafiti wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha mavuno ya kiangazi yakipungua kwa asilimia 10 kwa kila nyuzi moja iliyoongezeka kwenye joto la chini, yaani la usiku. Kisha kuna chandarua. Kilombero na Ulanga ndiko vyandarua vya Zuia Mbu viliposambazwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na tafiti za nchi nyingi zimekuta sababu ileile ikitajwa na wanaoacha kukitumia: ndani mna joto. Taarifa inayotaja joto la saa nane mchana peke yake imempa mwenye nyumba habari ya saa ambayo hakuna mbu wa malaria anayemng'ata.