Sarafu za fedha za Kirumi: anayeanza achague ipi?

Sarafu ya kale ya Kirumi, ya madini ya fedha, si lazima iwe ghali. Bei hufuata zaidi uadimu na hali ya sarafu kuliko umri wake. Dinari za Julius Caesar hugombewa, lakini za Septimius Severus, aliyetawala mwaka 193 hadi 211 baada ya Kristo, zimebaki nyingi, hivyo ni nafuu. Zilizotengenezwa karibu na mwaka 270 tunashauri uziache: karibu zote ni shaba yenye fedha kidogo mno.

Kagua ukingo. Warumi waligonga sarafu kwa nyundo. Mstari wa kuungia ukingoni ni dalili ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudisha pesa. Usiisugue ing'ae, utaipunguzia thamani.