Kutoka Jiwe la Tochi hadi Ufunguo wa Rimoti: Neno Moja kwa Vitu Viwili

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia fupi ya maneno yanayotumika kukitaja kile kinachohifadhi umeme ndani ya vyombo vidogo, tangu tochi ya zamani hadi ufunguo wa rimoti wa gari. Sababu ya kuandika ni kosa letu wenyewe. Tuliombwa kutafsiri karatasi ya maelekezo ya utunzaji wa magari, nayo ikafika mikononi mwa madereva na mafundi wa Chato, mji wa wilaya ulio kando ya Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Geita. Matini ya asili ilikuwa na istilahi mbili kwa aina mbili za betri. Sisi tuliziandika zote kwa neno moja, betri, tukidhani kwamba maana itajitokeza yenyewe.

Fundi mmoja alifuata maneno yetu kama yalivyo. Ufunguo wa gari moja la Ulaya ulipoacha kufanya kazi, aliufungua, akatoa betri iliyokuwamo na kutia nyingine ya dukani yenye upana uleule. Baada ya majuma machache betri hiyo ilivimba, ikavuja, na ufunguo ukaharibika. Fundi hakukosea, aliyekosea ni mfasiri.

Jiwe, moto na chaji

Tochi na redio za mkono zilipoenea vijijini, betri kavu zilikuwa kitu kigeni. Katika sehemu nyingi watu waliziita mawe: mawe ya tochi, mawe ya redio. Jina hilo halikuwa la ovyo. Betri kavu ni ngumu, ni nzito kwa kadiri ya umbo lake, na ikiisha haina kazi tena ila kutupwa. Wako waliozianika juani ili zipate nguvu ya usiku mmoja zaidi, lakini hakuna aliyedai kwamba jiwe hujazwa upya.

Neno betri, kwa upande wake, lilitoka katika Kiingereza, na aghalabu lilihusishwa na gari: kile chombo kizito chenye maji ya asidi ambacho kikiisha moto hupelekwa kwa fundi ili kitiwe moto tena. Hatusemi kwamba mpaka huu ulishikwa na kila mtu, maana betri kavu nazo ziliitwa betri. Hata hivyo, wasemaji walikuwa na njia ya kutenganisha kinachotupwa na kinachojazwa, bila ya kamati wala kamusi kuwaelekeza.

Katika ukanda wa dhahabu neno jiwe lilikuwa na mzigo mwingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Wachimbaji wadogo nao wameendelea kuchimba sehemu mbalimbali. Kwa watu hao mawe ni mwamba wenye dhahabu, unaotiwa katika mifuko na kupelekwa kusagwa. Mchimbaji anayeingia shimoni na tochi iliyofungwa kichwani kwa mpira akiomba mawe, yafaa aulizwe ni mawe yapi. Kwa sababu hiyo, hata tungependa kulifufua neno jiwe liwe istilahi, si jambo rahisi katika sehemu hizo.

Kisha zikaja simu za mkononi, na neno chaji likaenea kila mahali. Lugha ililipokea na kulipa viungo vyake: kuchaji, kuchajiwa, kuchajisha. Mtu wa kijiji kisicho na umeme hupeleka simu yake dukani kuchajisha kwa malipo. Lakini wakati uleule neno jiwe lilizidi kufifia, na kila chenye kutoa umeme kikawa betri. Hapo ndipo tofauti ya zamani ilipopotea.

Ufunguo wa rimoti unavyofanya kazi

Gari la Ufaransa liitwalo Renault Fuego, la mwaka 1982, hutajwa kuwa miongoni mwa magari ya kwanza kufunguliwa kwa rimoti. Ndani ya ufunguo wa siku hizi aghalabu mna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni kirushio kidogo cha redio. Kitufe kinapobonyezwa, hupeleka namba ya siri kwenye gari, kwa kawaida katika masafa ya megahezi 315 kwa magari ya Japani, au megahezi 433.92 kwa magari ya Ulaya. Katika mitambo mingi namba hiyo hubadilika kila kitufe kinapobonyezwa, ili mwizi aliyeinasa asiweze kuitumia tena. Mpango mmoja maarufu wa namna hiyo, KeeLoq, ulitungwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980. Kirushio hiki ndicho kinachohitaji betri.

Cha pili ni chipu inayoruhusu injini kuwaka. Chipu hiyo kwa kawaida haitegemei betri. Hupata umeme wake kutoka katika koili iliyolizunguka tundu la swichi ya gari. Ndiyo maana gari la swichi ya kuzungusha huweza kuwaka hata kama rimoti imekufa, na mlango hufunguliwa kwa ulimi wa chuma wa ufunguo huohuo.

Magari mengi nchini yametoka Japani, na rimoti zake aghalabu hutumia betri ya duara ya kutupwa, kama ile iliyoandikwa CR2032. Lakini baadhi ya magari ya BMW na Range Rover ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana ufunguo wenye betri ya namna nyingine, kwa mfano VL2020. Ufunguo ukiwa katika swichi, koili huichaji betri hiyo gari linapokwenda, pasipo waya. Mwaka 2015 BMW ilitoa pia ufunguo wenye kioo unaochajiwa kwa waya kama simu.

Alama hizo za kiwandani zastahili kusomwa na kila mfasiri. Tarakimu 20 za mwanzo ni upana wa milimita 20. Tarakimu za mwisho ni unene, yaani milimita 3.2 kwa ya kwanza na milimita 2.0 kwa ya pili. Herufi za mwanzo hutaja kemia: CR haichajiwi, VL huchajiwa. Kiwanda kimeweka tofauti katika herufi mbili. Sisi tuliifuta kwa neno moja. Betri ya fundi wetu ilisukumiwa umeme ambao haikuumbwa kuupokea.

Pendekezo

Hatuoni haja ya kubuni neno jipya. Kiswahili kina kiambishi cha kutendeka, kinachobeba maana ya kuwezekana: haribu hutoa haribika, badili hutoa badilika. Chaji nayo hutoa chajika. Basi tunapendekeza betri ya kuchajika na betri isiyochajika. Kuhusu jina la chombo chenyewe, kitenzambali hukutwa vitabuni na rimoti hukutwa vinywani. Hatuna ugomvi na lolote, kwani hakuna aliyeharibu ufunguo kwa sababu ya neno rimoti.

Kwa istilahi hizo, maelekezo yetu ya Chato sasa yasomeka hivi:

"Ufunguo wenye betri ya kuchajika kwa tundu la swichi hujazwa gari linapoendeshwa. Ufunguo wa akiba ukiachwa sanduku­ni kwa miezi mingi huisha chaji, na betri iliyokaa tupu muda mrefu huweza kufa kabisa. Kwa hiyo funguo mbili zitumike kwa zamu. Ufunguo usiachwe juani juu ya dashibodi. Betri ya kuchajika ikifa, itiwe nyingine ya kuchajika ya aina ileile. Betri isiyochajika isitiwe kamwe mahali pake, wala isichajiwe."

Hitimisho

Wasemaji wa zamani walitenganisha jiwe na betri kwa sababu mfuko wao uliwafundisha tofauti: moja hununuliwa upya, nyingine hujazwa. Mwenye kutafsiri ofisini hana fundisho hilo, hivyo hana budi kumwuliza mwenye kukishika chombo kabla ya kukipa jina. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wazijaribu istilahi hizi mbili katika kazi zao, watuletee maoni, na watuarifu kama katika wilaya zao yako maneno mengine yanayofaa zaidi.