Nani Kamwandika "Mbaya"? Demogorgon, Mwizi wa Ng'ombe wa Tarime na Mwindaji wa Serengeti

Kama uliangalia Stranger Things ilipotoka Netflix 2016, unaikumbuka ile meza. Watoto wanne, dadu, makaratasi, halafu mmoja anatangaza Demogorgon ametokea. Ile gemu ipo kweli, inaitwa Dungeons & Dragons, na Demogorgon kwenye vitabu vyake keshaandikiwa tabia: mbaya, tena asiyeshika sheria yoyote. Hakuna rufaa.

Kila mhusika wa gemu hiyo ana msimamo wake kwenye karatasi. Gary Gygax na Dave Arneson walipoitoa 1974, misimamo ilikuwa mitatu tu: wa sheria, wa vurugu, na wa katikati. Wema na ubaya viliongezwa baadaye, na kufika 1978 kitabu cha wachezaji kikawa na misimamo tisa. Hapo pana kitu. Kuvunja sheria ni jambo moja, kuwa mbaya ni jambo lingine kabisa. Unaweza kufuata kila kifungu na bado ukawa shetani. Watu wengi hawajalielewa hilo mpaka leo, na si kwenye gemu tu.

Sasa sogea mpaka Mara.

Anza na Tarime, kwa jamaa ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja jina: mwizi wa ng'ombe. Zamani kijana wa Kikurya alipokwenda kuvamia ng'ombe wa Wamasai, alirudi nao nyumbani mchana kweupe. Waliingia zizini kwa baba, wakalipa mahari, kila jirani akawaona. Kwa Mmasai huyo ni mwizi, tena muuaji. Kwao ni mwanaume kamili. Watu wawili, karatasi mbili, na kila mmoja ana sababu zake.

Halafu wakoloni wakachora mpaka, Wakurya wakajikuta nusu Kenya, nusu Tanganyika. Soko la nyama likakua, na ng'ombe wa wizi akawa fedha taslimu ukishamvusha upande wa pili. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wezi hawa mwaka 2000, anaonyesha kilichofuata: Wakurya wakaanza kuibiana wenyewe kwa wenyewe, ukoo kwa ukoo. Wakurya wengi walikuwa jeshini, na baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 bunduki nazo zikaingia vijijini. Ng'ombe hafiki tena zizini kwa baba. Anauzwa usiku, na aliyelala njaa asubuhi ni Mkurya mwenzako.

Jina "mwizi wa ng'ombe" halikubadilika. Kilichobadilika ni kazi yenyewe. Waliomhamisha kisanduku ni watu wake, kwenye ritongo, ule mkutano wa kijiji ambapo mtu anasimamishwa mbele ya majirani zake. Baadaye ikaja sungusungu, iliyoanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hao nao kawaandike wapi? Wanalinda mali ya watu, sawa, ila sehemu nyingi za nchi sungusungu walilalamikiwa kwa kupiga watu kabla hata hawajawasikiliza. Mwema asiye na subira ya sheria, labda. Aliyechapwa bila kosa ataandika vingine.

Ukivuka kuingia wilaya ya Serengeti, hadithi inageuka kichwa chini. Waikoma, Wanata na Wangoreme waliwinda nyumbu kwa mishale ya sumu, mashimo na mitego, wakalisha familia. Sheria za wanyamapori za mkoloni zilianza kuwabana kidogo kidogo, na mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwindaji yuleyule, upinde uleule, nyumbu walewale. Akawa jangili. Yeye hakubadilika hata chembe, karatasi ndiyo iliyobadilishwa, tena na watu ambao hakuwahi kukaa nao meza moja.

Kisha ikaja sinema. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walirusha ndege yao yenye mistari ya pundamilia juu ya Serengeti wakihesabu wanyama. Michael alikufa ndege ilipoanguka Januari 1959. Filamu yao, Serengeti Haitakufa, ikachukua Oscar 1960. Ni kazi kubwa, na bila kelele zake huenda nyumbu wangekuwa wachache leo. Lakini ndani yake mwindaji wa Kiafrika ndiye Demogorgon: ametokea, ni mbaya, basi. Hana mke, hana watoto wenye njaa, hana jina.

Gemu yenyewe imeshaanza kujirekebisha. Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast ilikiri kuwa kuwachora viumbe kama maorki wote kuwa wabaya kwa kuzaliwa tu haikuwa sawa, ikaahidi kubadilisha. Mjini bado ukisema unatoka Tarime mtu anakuuliza panga umeacha wapi.

Kwa Waikoma mambo yamesogea nusu. Kijiji chao cha Robanda ni kimoja kati ya vijiji vitano vya hifadhi ya jamii ya Ikona, na wanyama walewale sasa wanawaingizia hela za watalii. Ila ukikamatwa na nyama ya nyumbu bila kibali, bado unapelekwa Mugumu, mahakamani.